Kujaribu kwa Haki

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu hapa Mambrui alitaka kuthibitisha ya kwamba samadi ya mbuzi hukuza mchicha. Alilima matuta mawili, moja akalitia samadi, la pili akaliacha. Baada ya majuma manne mchicha wa tuta la kwanza ulimfika magotini, na ule wa pili ulikuwa umedumaa. Darasa likashangilia. Nilipokwenda kutazama nikaona tuta la samadi liko kando ya kisima, na la pili liko mbali, kivulini mwa mwembe. Je, msomaji, ni samadi, ni maji au ni jua? Hapana ajuaye. Mwanafunzi yule hakusema uongo. Alibadili mambo matatu kwa mara moja, kisha akalisifu moja.

Atakaye kujua kweli sharti awe na makundi mawili yaliyo sawa kwa kila jambo ila moja. Kundi moja hupewa kitu kinachojaribiwa. La pili, ambalo ni kundi la kulinganishia, halipewi. Na kwa kuwa moyo wa mwanadamu una mapendeleo, mwenye kujaribu haachiwi kuchagua nani aingie kundi gani: hupigwa kura. Angalichagua mwenyewe, yamkini angaliwapa dawa wenye nguvu na kuwaacha walio hoi, kisha dawa ikasifiwa kwa kazi isiyoifanya. Inapowezekana hata mpimaji hufichwa asijue nani alipewa nini, maana jicho huona litakacho. Kwa mchicha haya ni mepesi. Kwa mtoto wa mtu ni mazito.

Siku moja niliyaeleza haya barazani. Bibi mmoja, jirani yangu, akaniuliza, "Na huyo aliyenyimwa, mwalimu, ana kosa gani?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, wala sikwenda mbali, nililikuta Kilifi.

Kati ya mwaka 1993 na 1995 vijiji vya Kilifi viligawanywa kwa kura: vingine vikapewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, vingine visipewe. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1996, ilionekana ya kuwa vifo vya watoto wadogo katika vijiji vyenye vyandarua vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Utasema, basi bibi alikuwa na haki. Wako waliokufa kwa kura. Neno hilo silipuuzi. Walakini subiri.

Mwaka 2009 ulianza utafiti mwingine, ulioitwa FEAST, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Aliyeuongoza ni daktari Kathryn Maitland. Ulihusu watoto waliofika na homa kali, damu haizunguki vema mwilini. Desturi iliyosifiwa katika nchi tajiri ilikuwa kuwatia maji mengi kwa haraka katika mishipa. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura makundi matatu: mawili yalitiwa maji hayo, ya aina mbili mbalimbali, la tatu lilipewa maji ya kadiri tu. Dawa za malaria, dawa za vijidudu na uangalizi, wote walipata. Yaani matuta yote yalikuwa kando ya kisima kimoja. Kuficha nani katiwa maji hakukuwezekana, lakini kifo hakihitaji jicho la mpimaji.

Mtu yeyote angalidhani kundi la tatu ndilo lililoonewa. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika saa 48 za kwanza walikufa watoto 10 au 11 katika kila 100 waliotiwa maji mengi, na 7 katika kila 100 wasiotiwa.

Fikiri, msomaji, kama lisingalikuwako kundi lile. Mtoto akipona, maji yangalisifiwa. Akifa, ingalilaumiwa homa. Na mganga angaliendelea kuua kwa moyo safi. Kwa hiyo nasema: hanyimwi haki mtu aliyekosa kitu ambacho hapana ajuaye kama ni tiba au ni sumu. Ila sharti kutojua huko kuwe kwa kweli. Ajuaye ya kwamba dawa inafaa, naye akaendelea kupiga kura, huyo ni mwizi wa roho za watu. Kadhalika mzazi sharti aombwe idhini. Katika utafiti ule, kwa haraka ya ugonjwa, wazazi wengine waliulizwa kwanza kwa maneno machache, idhini kamili ikaombwa baadaye. Sababu yake naielewa, lakini hapo moyo wangu haujatulia.

Nilimpelekea bibi habari hizi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na wale waliotiwa maji wakafa, mama zao waliambiwa?"