Jirani Aliye Chini ya Mto



Kule California, Marekani, kuna hifadhi ya kihistoria inaitwa Malakoff Diggins. Mgeni akifika leo anakuta misonobari, njia za kutembea, na kuta ndefu za udongo zinazopendeza kwenye picha. Lakini lile si bonde la asili. Ni shimo la mgodi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2. Katika karne ya 19 wachimbaji waliuelekezea mlima mizinga ya maji, udongo ukaporomoka, dhahabu ikanaswa kwenye mifereji, na tope likaachwa liende na mto Yuba.

Huko chini waliishi wakulima, na mji wa Marysville. Mto ukajaa tope, mafuriko yakaingia mjini, mashamba yakafukiwa. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akaikataza kampuni kumwaga mabaki yake mtoni.

Sasa tujiulize: wachimbaji walikosea wapi? Hawakumchukia mkulima yeyote. Walitaka dhahabu tu, si mafuriko. Na kweli, maadili ya Kanisa yanatofautisha kati ya ninachokikusudia na kinachotokea bila mimi kukikusudia. Ila hayaishii hapo. Yanauliza pia: je, faida ninayoitafuta inalingana na madhara ninayoyajua? Na wao walijua, maana malalamiko yaliwafikia kwa miaka. “Sikukusudia” ni utetezi wa mara ya kwanza. Ukishaambiwa, ukaendelea, umechagua.

Msamaria Mwema alimwona majeruhi, akamhurumia. Kazi ngumu zaidi ni kumpenda jirani nisiyemwona. Ila tope langu likimfikia, tayari ni jirani yangu.

Nasi tuna mito yetu. Unatupa chupa mtaroni mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa mama wa bondeni. Unasambaza umbea kwenye grupu la WhatsApp halafu unasema, “Mimi nimefowadi tu.” Hiyo ndiyo hoja ya wachimbaji.

Leo usiku, unapotafiti dhamiri, usiishie kwa watu uliokutana nao. Fuata maji mpaka chini.

Bwana Yesu, utuonyeshe nani anaishi mahali tope letu linapofika, na utupe moyo wa kuacha. Amina.