Urafiki wa Vita

Kutoka Watamu hadi Malindi si mbali. Nenda ukaitazame nguzo ya Vasco da Gama. Mwaka 1498 Malindi ilimkaribisha Mreno, kwa kuwa adui wao alikuwa mmoja: Mombasa. Mombasa iliposhindwa, Wareno wakaanza kujenga ngome huko mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akahamia mjini humo. Je, urafiki ulidumu? La. Malindi ilitaka enzi; Mreno alitaka bahari yote. Mwaka 1614 Mfalme Hasan aliuawa kwa hila ya Wareno. Mwaka 1631 mwanawe Yusuf akaiteka ngome. Vivyo hivyo Marekani na Urusi zilimshinda Hitler mwaka 1945, na mwaka 1948 zikagombania Berlin. Adui mmoja huunganisha mikono, si mioyo. Basi, kabla ya kupigana bega kwa bega na mwenzio, muulize: tukishinda, utataka nini?