Kuku, Ua na Jirani

Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Mishna, kama miaka 200 baada ya kuzaliwa Kristo, waliweka humo katazo ambalo lingemshtua mfugaji yeyote: Yerusalemu kuku wasifugwe. Sababu yao ilikuwa vitu vitakatifu. Kuku huparura, na akiparura hufukua vipande vya mizoga ya viumbe vitambaavyo, akaja kuitia najisi nyama ya sadaka. Lakini Injili zote nne zinasema kwamba usiku ule Petro alipomkana Bwana wake, jogoo aliwika, na ilikuwa Yerusalemu hukohuko. Wasomi wamebishana sana juu ya jogoo yule. Mimi nimefanya kazi ya ugani wa mifugo huku Mbozi mpaka nikastaafu, wala sioni la ajabu. Penye watu pana kuku, na mahali palipopigwa marufuku hakosekani mwenye kuku nyuma ya nyumba.

Swali linalonikaa moyoni tangu nilipopewa uzee wa kanisa hapa Isansa ni la gharama. Kuku wangu anaishi kwa gharama ya nani?

Kijijini jibu limezoeleka hata halionekani. Asubuhi unafungua banda, kuku wanatoka, na hadi jioni hujui walikopita. Wameingia chini ya mibuni ya jirani, wakafukua mchwa kwenye matandazo. Wamepita uani kwa mama aliyeanika mahindi, mtoto mwenye fimbo akawafukuza, wakazunguka nyumba na kurudi upande wa pili. Kuku wa mama huyo nao wakati uleule wako kwako. Msimu wa kupanda, mbegu zikifukuliwa, maneno hutoka, wazee hukaa, na kesi huisha kwa kuwafungia kuku mpaka mahindi yapate nguvu. Kuku wa namna hii hulishwa na kijiji kizima, kisha akachinjiwa mgeni wa nyumba moja. Hakuna anayeuita huo wizi, kwa kuwa kila nyumba ina kuku, na kila nyumba ina siku yake ya mgeni.

Nikiulizwa upendo wa jirani unaonekanaje kabla haujawa mahubiri, huonyesha hapo. Watu wanachukuliana bila kuandikiana.

Binti yangu amejenga Tunduma. Anayeujua mji ule anajua ulivyobanana: malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni barabarani, na nyuma yake nyumba zimegusana mabega. Dirisha lake la jikoni linatazamana na chumba cha mpangaji, dereva anayefika alfajiri na kulala mchana. Upande wa pili yuko mama mjane anayeotesha mchicha kwenye viroba, naye huuza mchicha huo asubuhi. Binti yangu alitaka mitetea kumi na jogoo. Akaniambia, "Baba, kiwanja changu, kuku wangu, pumba nanunua mwenyewe. Nani ana la kusema?"

Nikamjibu, "Mwanangu, hao majirani zako hawana kuku. Wewe utachukua kwao kila siku, nao hawana njia ya kuchukua kwako."

Humo ndimo ninamoiona tofauti ya kijiji na mji katika jambo hili, na ni tofauti ya haki kabla haijawa ya usafi. Kelele, harufu, inzi na mchicha uliodonolewa vipo hata Isansa. Kinachokosekana mjini ni kule kurudishiana. Ndiyo maana nilimwambia aende kwanza ofisi ya mtaa, kisha kwa afisa mifugo na bwana afya, kabla hajanunua hata msumari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na ufugaji mjini ni kati ya mambo yanayotungiwa. Wapo waumini wenzangu wanaoona habari za vibali kuwa kusumbuana tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu waliotoka Mbozi, Rukwa na Zambia, waliokutana juzi kwenye mtaa mmoja, hawana wazee wa pamoja wa kuwaketisha. Sheria ndogo inakaa kwenye kiti kile cha wazee, na anayeikwepa anamkwepa jirani.

Mishna hiyohiyo ina kesi nyingine ninayoipenda zaidi. Kuku ana kamba mguuni, kamba ikakokota chombo, chombo kikavunjika. Mwenye kuku analipa nusu ya hasara. Nasi tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila mfugaji amewahi kuifunga kamba hiyo mwenyewe, ili kuku aliyenunuliwa mnadani asirudi alikotoka. Fikiri juu ya kesi ile. Kamba ilifungwa kwa nia njema, kumzuia kuku asizurure, na bado ikavunja. Ua wa waya ni kamba iliyo kubwa zaidi. Unamkinga mjane na mchicha wake, lakini je, kwa kuku mwenyewe unavunja nini?

Katika Mwanzo, siku ya tano, Mungu anawabariki viumbe wa majini na ndege ili waongezeke. Mtu bado hajaumbwa. Baraka ya kwanza katika Biblia yote walipewa wao, nami sijasikia ikihubiriwa hivyo. Kuku aliyebarikiwa kabla yangu ana mambo yake: kuoga vumbi, kuparura, kutafuta wadudu, kuota jua la asubuhi, kulala juu ya kichanja, kumkimbia mwenzake anayemdonoa. Vyote hivi uwanja wa Isansa unampa bure. Mimi nikifunga mlango, deni lote limehamia kwangu. Kumwaga pumba na kubadilisha maji hakujalilipa.

Sheria ya nchi nayo inasema jambo linalokaribiana na hilo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Katika ziara zangu za ugani nilikuwa nikilitaja neno hilo, na wafugaji, watu wa kanisa na wa msikitini, walilipokea bila ubishi, kwani kila aliyelea kuku anaijua sauti ya tetea aliyeshtuka na ya tetea anayeita vifaranga. Kwa hiyo nilimpa binti yangu masharti yangu. Kuku watano au sita kwa mita moja ya mraba, wasizidi. Beseni la majivu na udongo mkavu. Mabaki ya mchicha ayanunue kwa mjane, asisubiri kupewa. Mahindi yenye ukungu asiwape, maana yana sumukuvu. Na vifaranga wakija wakati wa baridi ya Juni, jiko la mkaa likae bandani penye hewa, kamwe lisiwe chumbani kwa watoto. Huku kwetu watu huziba kila tundu kwa ajili ya baridi, na hewa ya mkaa humuua mtu usingizini kama inavyomuua kifaranga.

Lakini kuna mahali ambapo deni kwa jirani na deni kwa kuku hugongana, na hapo sina amani. Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vya siku moja vilivyoingizwa kutoka Kenya vilikamatwa mpakani Namanga, vikateketezwa kwa moto vikiwa hai. Serikali ilieleza kuwa inazuia mafua ya ndege. Nakaa mkoa wenye mpaka wake mkubwa hapo Tunduma, nami najua ugonjwa unavyosafiri ndani ya boksi moja la vifaranga. Katazo la kuingiza vifaranga hivyo naliunga mkono. Nimeona mdondo ukiingia kijiji cha kuku wasiochanjwa. Siku chache tu, mabanda ni matupu, na ada ya mtoto imekwenda nayo. Hata hivyo, kuua kwa lazima na kuua kwa moto ni mambo mawili. Vifaranga vile havikuvuka mpaka kwa hiari yao. Aliyevifunga kamba ni mtu. Siamini kwamba hofu ya ugonjwa, hata ikiwa ya haki, inafuta ile baraka ya siku ya tano, na ningependa wachungaji wetu walisemee hilo kwa sauti ileile wanayoitumia kusema juu ya ulevi.

Binti yangu alianza kufuga kwa masharti yale. Mwaka uliofuata kuku wake waliugua homa ya matumbo, akapewa dawa na mtaalamu. Karatasi ya dawa inaeleza siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa tena, nao wengi huitupa pamoja na boksi. Akaniuliza kama anaweza kuyauza kwa bei ndogo, huku akimwambia kila mnunuzi ukweli wote. Nilifikiri usiku mzima, kwa kuwa swali lilikuwa la mtu mwaminifu. Nikamwambia hapana. Atakayeyanunua kwa sababu ya bei ni yule asiye na uwezo wa kukataa, na ukweli aliopewa haumsaidii kitu. Akayafukia shimoni.

Mjane aliyekuwa akinunua mayai kwake alipoambiwa sababu, alitaka kujua mengi zaidi, na baada ya mavuno naye alipata mitetea miwili. Hapo chanjo ikawa rahisi kuliko mwanzo. Chupa ya I-2, ile ya mdondo inayotengenezwa Kibaha, hutosha kuku wengi kuliko wale wa nyumba moja ya mjini, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa siku nyingi. Tone moja jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Sasa kuku wanachanjwa siku moja, wa mjane na wa binti yangu pamoja na wa nyumba ya tatu niliyoisikia juzi tu. Chupa ijayo ni zamu ya mjane kununua. Dereva hana kuku, lakini amesema atachangia sabuni ya kunawa mikono, alimradi jogoo aendelee kukaa kwangu Isansa.