Ukoko ni wa Nani?

Nianze kwa kukiri: nimeiba nyama. Vipande saba vya ng'ombe, na pilau ya kama sahani mbili. Nilivitia kwenye kopo, kopo nikaliweka ndani ya beseni la vyombo vyangu, juu nikatandika kanga. (Zamani mtu angetumia mfuko wa rambo, lakini ile mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, na tangu hapo wizi wa jikoni umekuwa mzigo mzito.) Nikapita mbele ya mwenye tenda nikamwambia, "Haya dada, usiku mwema." Naye akanijibu vizuri tu, "Wasalimie watoto."

Hivi, kweli niliiba? Swali hili limeninyima usingizi. Nilijaribu kulitia kwenye riwaya ninayoiandika, nikashindwa, maana kila nikimwandika yule mwanamke mwenye beseni najikuta namtetea. Kwa hiyo nalileta kwenu likiwa bichi.

Mie ni wa Nambilanje, wilaya ya Ruangwa. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Kazi yangu, kama ni kazi, ni kupika kwenye shughuli za watu: harusi, mahafali, semina za pale Ruangwa mjini, na mara mojamoja Nachingwea. Si kazi ya kila siku. Huku kwetu sufuria kubwa linafuata korosho na ufuta. Minada ikienda vizuri watu wanaoa na kuoza, na mie naitwa. Hela ikikwama, kama msimu wa 2018 Serikali ilipojitosa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu, nani atakumbuka pilau? Anayedai hafanyi sherehe.

Nina watoto wawili. Mkubwa, binti, yuko darasa la kwanza. Mdogo bado ananyonya. Nikiitwa natoka saa kumi alfajiri, nawaachia bibi yao, na chakula chao siku hiyo ni ugali wa muhogo kwa mbaazi, au ming'oko ikipatikana. Sisemi ni chakula kibaya. Ming'oko ya kuchemsha mie naipenda kuliko wali. Lakini kuna jambo la ajabu katika kukaanga vitunguu kilo tano za watu huku maziwa yanalowanisha blauzi, na unajua mtoto aliye mbali saa hiyo analia. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Sawa. Na mtoto wa kinyozi je, naye aachwe na nywele?

Nilipokuwa mdogo mambo hayakuwa hivi. Kukiwa na unyago, au jando, au msiba, kina mama walikusanyika kupika na hakuna aliyelipwa. Sisi watoto tulikaa pembeni ya mafiga tukisubiri ukoko. Hakuna aliyeuliza ukoko ni wa nani. Ulikuwa wetu kwa sababu mama zetu walikuwa wamekaa kwenye moshi. Tuliubeba mkononi, tukatoka nao barabarani tukiringa, midomo inang'aa mafuta, na wasio na ukoko wakatukimbilia.

Sasa imeingia tenda. Semina imeagiza sahani 60, zitoke sahani 60. Chai ya saa nne, vitafunwa, chakula cha mchana, soda. Mpishi ana hela yake ya siku, basi. Mtoto wangu akitokea pale jikoni, kwanza haruhusiwi, na pili akipewa kipande atakuwa amepewa mali ya mtu. Moshi ni uleule, mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni elfu kumi niliyopokea jioni. Hivi ile elfu kumi ilinunua mikono yangu tu, au ilinunua na nafasi ya mwanangu pale pembeni ya mafiga?

Tazameni hata hili neno posho. Nachingwea palikuzwa na ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafa 1951, na kwa vibarua wa zama za mkoloni posho ilikuwa unga wa kupimiwa, ili mtu apate nguvu ya kufanya kazi. Leo posho ni bahasha ya mjumbe wa semina aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Chakula cha anayefanya kazi kimegeuka hela ya anayeketi. Nilipolifikiria hili jikoni, nikaona nina haki ya kujipimia mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja alinipa hoja kubwa zaidi. Alinikumbusha hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba mtumishi akikuletea chakula na usimketishe ule naye, basi umpe walau tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyepata joto lake. Nikafurahi sana. Nikalala. Usiku nikashtuka: hadithi inamwagiza mwenye chakula atoe, haimwambii mpishi ajichukulie.

Na mwenye tenda wangu si mtu mbaya, jamani. Mchele anakopa dukani. Nyama ikipungua sahani ya 58, aibu ni yake, na tenda inayofuata inakwenda kwa mwingine. Kisha nikiri yote: makombo ningeomba ningepewa. Sikutaka makombo. Nilichukua kabla ya kupakua, vipande vizuri, visivyoguswa na mtu. Kiburi cha mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne: kuomba naona haya, kuiba sioni.

Usiku ule binti yangu aliamshwa akala. Alikula mpaka akacheka mwenyewe. Nami nikamwambia maneno manne: "Lakini usimwambie mtu yeyote."

Asubuhi nikamkuta nyuma ya choo, amechuchumaa, anafukia mifupa.

Hapo ndipo hoja zangu zote zilipokatika. Posho, moshi, hadithi, vyote vinaweza kuwa kweli, na huenda pilau ile ilikuwa haki yake kabisa. Lakini mie nilikula ukoko barabarani, yeye amekula nyama na kufukia ushahidi. Ana miaka saba. Nilichomletea nyumbani hakikuwa kile nilichopewa mimi na mama yangu, hata kama sufuria ni lilelile.

Juzi nilimwendea mwenye tenda. Nikamwambia, "Dada, safari nyingine nihesabie sahani mbili za watoto, unikate kwenye hela yangu."

Akacheka. "Nikukate elfu ngapi?"

"Utakavyoona."

Alikaa kimya akihesabu kitu kichwani, kisha akasema Jumamosi kuna mahafali, nije na kopo lenye mfuniko, na nisiliweke chini bali mezani, wenzangu wote walione, maana na wao wana watoto na yeye hataki maneno. Atanikata elfu tatu. Naona ni nyingi, lakini nimekubali.

Kuhusu vile vipande saba sijamwambia bado.