Da'awa ya dakika moja: Tunafikisha au tunajionesha?

KATIKA masika ya mwaka 2024, maji ya mto Lumemo yalipoingia mitaani hapa Ifakara na watu wakalazimika kuhama nyumba zao, vijana wa darsa letu walichangishana. Hawakuwa na kikubwa: mchele, unga, sabuni na mashuka machache. Tukaenda kugawa baada ya swala ya Alasiri. Kijana mmoja alikuwa na simu mkononi muda wote, nami mwalimu wao nikamwona nikanyamaza. Niseme kweli, sikunyamaza tu. Nilisimama vizuri ili nionekane.

Usiku ule video ya sekunde 40 hivi ilirushwa TikTok. Anaonekana mama mtu mzima akipokea kifurushi kutoka mkononi mwangu huku akifuta machozi. Kulipokucha ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kunisikiliza tangu nimalize chuo kikuu. Wapo waliopiga simu kutoka Dar es Salaam na Muscat wakitaka kutuma michango, na wakatuma. Alhamdulillah, ile michango ililisha watu.

Wiki mbili baadaye nilikutana na yule mama njiani. Akanisalimia kwa adabu zote, kisha akasema: “Mwalimu, mwanangu ameniona huko Mbeya. Ananiuliza kwa nini nimemwaibisha kwa kuombaomba. Nami sikuomba, mlikuja wenyewe.”

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini waalimu na maustadhi wengi wanalikwepa: mtu anaweza kuwatafuta watazamaji kwa ajili ya Allah (sw)?

Tuanze na kuondoa lawama isiyostahiki. Wapo wazee wetu wanaosema kuwa da'awa ya dakika moja ni mzaha, kwamba elimu haipatikani kwa vipande. Ufupi si kosa. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Ammar bin Yasir (ra) kwamba Mtume (saw) aliihesabu khutba fupi kuwa ni dalili ya ufahamu wa mtu katika dini. Ibn Mas'ud (ra) akitoa mawaidha kila Alhamisi, na alipoombwa aongeze siku alikataa kwa kuchelea kuwachosha watu. Na sisi wa bonde la Kilombero tunajua hali zetu. Msimu wa kuamia ndege ukifika, familia nzima huhamia mashambani, na darsa ya msikitini hubaki na wazee wanne na mwadhini. Mkulima aliye shambani kule Mngeta, mwenye bando la shilingi chache, video ya dakika moja inayomfundisha namna ya kutayamamu ni neema kwake.

Wala chombo kipya si ajabu kwetu. Nilipokuwa mtoto, mawaidha ya kina Sheikh Nassor Bachu, aliyefariki mwaka 2013, yakitufikia kwa kaseti. Kaseti ikija na treni ya TAZARA, ikirudufiwa hapa mjini, kisha ikivuka mto kwa kivuko kwenda Mahenge, maana daraja la Kilombero halijafunguliwa mpaka mwaka 2018. Aliyerekodiwa hakujua nani kamsikiliza wala ni wangapi. Akisema, anakwenda zake nyumbani.

Hapo ndipo penye tofauti, na ndipo penye mtihani. TikTok, ambayo nje ya China ilianza mwaka 2017, na wenzake waliofuata mkondo, Instagram kwa Reels mwaka 2020 na YouTube kwa Shorts kuanzia mwaka huo huo, hawakumpa mwalimu kaseti nyingine. Wamempa kaseti inayomrudishia hesabu. Programu inapima mtazamaji amekaa sekunde ngapi kabla ya kupita, na ile iliyomkalisha ndiyo inayopelekwa kwa wengine, hata wasiokujua. Kwa hiyo sekunde tatu za mwanzo zinakuwa ndizo khutba. Mwalimu anaona somo la udhu limetazamwa na watu 90, na siku aliyomkejeli sheikh mwenzake wametazama 30,000. Wiki inayofuata atafundisha nini? Hakuna aliyemwambia aache udhu. Namba ndizo zimemwambia.

Na tuongeze fedha. Tangu mwaka 2023, anayetaka kugawiwa mapato ya matangazo na YouTube kwa njia ya video fupi anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000 na watazamaji milioni 10 ndani ya siku 90. Sijui ni mlango gani wa fiqhi utakaowapata milioni 10. Mlango wa talaka labda! Na hapo kuna balaa jingine, la kukata maneno. Mwalimu ameeleza talaka kwa nusu saa, na masharti yake yote, kijana akakata sekunde 30 zenye moto na kuacha masharti. Watoto wa madrasa wanajua kuwa katika Surat al-Maa'un ipo aya inayowapa onyo wenye kuswali, na kwamba anayekomea hapo bila kusoma inayofuata, yenye kutaja wanaoghafilika na swala zao, ameigeuza maana. Tunawachapa watoto kwa kosa hilo, kisha tunalifanya wenyewe kwa simu.

Turudi kwa yule mama. Wanaotetea video za misaada wana hoja, na si hoja dhaifu. Qur'an (2:271) inasema kudhihirisha sadaka ni jambo jema, ingawa kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na wanayo hadithi ya Jarir bin Abdillah (ra), pale walipofika Madina watu wa Mudhar, hawana viatu, wamejaa dhiki. Mtume (saw) akahimiza watu watoe, Answari mmoja akaleta mfuko mzito mbele ya wote, wengine wakafuata mpaka yakawa malundo ya chakula na nguo. Yule wa kwanza akasifiwa kwa kuanzisha mwenendo mwema. Nami nilijitetea kwa hadithi hii hii kwa muda mrefu.

Lakini tuitazame vizuri. Aliyeonekana na kuigwa pale alikuwa mtoaji. Waliomwona ni wale waliokuwa na cha kutoa, msikitini, saa ile. Hakuna uso wa fakiri mmoja uliopelekwa kwa jamaa zake walio mbali. Katika aya ya 264 ya sura ile ile ya al-Baqara tumekatazwa kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Zamani masimbulizi yalihitaji ulimi, na ulimi huchoka. Video ya yule mama inamsimbulia kila inapofunguliwa, hata mimi nikiwa nimelala.

Imam Ghazali ana kipimo ambacho natamani nisingekisoma. Anasema mwenye kutoa mawaidha ajiangalie siku atakapotokea mwingine mwenye elimu zaidi, watu wakamkubali zaidi: je, anafurahi kwamba kazi imepata wa kuifanya, au anaona choyo? Yupo ustadhi kijana huko Kidatu aliyenipita mbali kwa watazamaji. Nilipomsikiliza mara ya kwanza nilikuwa natafuta kosa la tajwidi. Nikalipata, na nikafurahi. Jibu la Imam Ghazali nikawa nalo.

Basi niache? Hapo nako pamefungwa. Fudhayl bin Iyadh amefundisha kuwa kuiacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya. Na wanaojaza zile simu tukiondoka sisi tunawajua.

Nilichofanya ni kidogo. Video niliifuta, ingawa nakala zimeshasambaa na sina uwezo nazo. Nikaenda kwa yule mama kumuomba radhi. Akasema amesamehe, na akanikaribisha chai. Mwanawe alikuwa bado hajampigia simu.

Ramadhani ya mwaka 2025 tulipogawa futari, nilikataza kupiga picha ya mtu yeyote, mtoaji wala mpokeaji. Vijana wakarekodi magunia ya mchele yamepangwa ukutani, na sauti yangu ikieleza mahitaji. Waliotazama hawakufika 200. Kutoka Muscat hakupiga mtu. Katika familia tulizozihudumia mwaka uliotangulia, tatu hatukuzifikia, na mmoja wa vijana aliniuliza mbele ya wenzake kama ikhlasi yangu ndiyo watakayofuturia. Sikumkemea. Nilimwambia tutazungumza baada ya Idi, na mpaka leo hatujamaliza.