Je, Mji Una Deni kwa Mtu Asiye na Kwao?

Katika Shinyanga na Geita wako watu wasio na pa kulala. Wengine ni vijana walioifuata dhahabu wasiipate. Wengine ni vikongwe waliokimbia vijiji vyao kwa kusingiziwa uchawi. Wengine ni watoto. Basi twauliza: je, yaupasa mji kuwatengea mahali, au yatosha kuwaambia, Rudini kwenu?

Jibu la kale twalijua. Mwaka 1944 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Na mwaka 1983, nasi tumekwisha jitawala, watu wasio na kazi walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa mashambani, katika ile kampeni ya Nguvu Kazi. Wengi walirudi upesi. Maana kwao mtu ni pale palipo na wa kumfungulia mlango. Asiye na mtu huyo, hata ukimpakia garini mara kumi, hujampeleka kwao.

Lakini wako watu wema wasemao kwamba aliyetengwa husahauliwa. Neno lao lina kweli, wala hatulipuuzi. Tutazame Buhangija, mjini Shinyanga. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea Kanda ya Ziwa, watoto wengi walikusanywa katika shule ile, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Mahali palipokusudiwa wachache pakajaa mamia, na wazazi wengine hawakurudi tena kuwatazama watoto wao. Ukuta uzuiao panga huzuia na mkono wa mama. Walakini mwezi wa Februari 2015, wilayani Chato, Mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa kwa mama yake, akaonekana amekwisha uawa. Mbele ya jambo hili, nani atasema ukuta usijengwe?

Tuonavyo sisi, ubaya ni kumweka mtu mahali pasipo na mwisho. Mwaka 2007 familia za Mtakuja, karibu na mgodi mkubwa wa Geita, ziliondolewa katika makao yao, zikakaa miaka mingi katika mahema pembeni mwa mji. Hema ni kitu cha majuma machache. Mtoto akizaliwa humo, akakua hata kwenda shule akitokea humo, nani tena atamwambia kwamba ni makao ya muda?

Ndugu walimu, mwaikumbuka ile miji sita ya makimbilio ya Waisraeli. Aliyeua pasipo kukusudia alipewa na wazee mahali pa kukaa kati yao, ndani ya lango. Tena siku ya kurudi kwake ilikuwa imewekwa, ndiyo ya kufa kwake kuhani mkuu. Halmashauri zetu zaweza kujifunza hapo. Nyumba iwe ndani ya mji, karibu na shule, maji na soko. Na siku mtu aingiapo, yaandikwe majina ya kijiji chake na jamaa zake, na awepo wa kwenda huko kuuliza: Mtampokea lini, na nani atamlinda? Kikongwe asiyeweza kurudi kabisa apewe chumba chake mwenyewe, chenye mlango na ufunguo. Kazi ya kwenda kuuliza yahitaji baiskeli na mtu anayejulikana kijijini. Na wainjilisti wengi wa Usukuma wana vyote viwili.