Kukinai si kunyamazia dhulma

Mjini mtu akiitwa mchunga ng'ombe huona ametukanwa. Tunasahau kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwachungia kondoo watu wa Makka kwa ujira, na Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala.

Nawafikiria Wabarabaig wa Basotu, Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 malisho yao mazuri yalichukuliwa na NAFCO kulima ngano, kwa msaada wa Canada. Hawakuona haya kuendelea kushika fimbo ya uchungaji. Na miaka ya 1980 walikwenda mahakamani kudai ardhi yao.

Kwangu mimi, huko ndiko kukinai: kuithamini kazi yako ya halali bila ya kumhalalishia dhalimu dhulma yake. Nasi tunaokula nyama mijini, tunamdharauje aliyeichunga?